Risasi Niliyoitoboa Pua

Mwamini, mwanangu,

Mama yako na shangazi zako wako jikoni wanakaanga samaki wa safari yako, na kila baada ya muda mmoja anatoka kuja kukuambia neno: sanduku lifungwe kwa kamba mbili, usilale karibu na mlango wa meli, ukiteremka Ubundu uulize habari ya treni ya Kisangani kabla ya kuuliza chakula. Hayo wanayajua kuliko mimi, na wamekwisha kuyasema yote. Mimi nimekaa hapa kibarazani na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa nyeupe nyuma. Mchana bado ni mrefu. Nataka kukueleza habari ya mguu wa Baba Mukubwa Lubamba.

Utasema unaijua. Mbogo alimchoma pembe kwenye paja, porini huko upande wa Kailo, kwa sababu alipiga risasi vibaya na mnyama akamrudia. Hiyo ndiyo habari niliyokupa mimi. Nimewapa watu wengi habari hiyo hiyo. Kuna kipande chake kisicho cha kweli, na kipande hicho njo kikubwa.

Mimi na Lubamba tulitahiriwa pamoja, tukalala katika kibanda kimoja siku zote zile, na yeye ndiye aliyekuwa akinipa maji nilipopata homa. Baadaye mimi nilikuja Kindu nikaingia karakana ya reli, nikajifunza kukereza na kutoboa vyuma. Yeye alibaki kijijini na mpunga wake. Baba yake alimwachia vitu viwili: bunduki yenye karatasi yake ya serikali, na kalibu ya kusubu risasi. Kalibu hiyo ilikuwa kama koleo dogo lenye mishikio ya mbao. Unaifunga, unamimina madini yaliyoyeyuka, unangoja kidogo, unaifungua, na risasi inaanguka kama karanga inayotoka kwenye ganda. Risasi yake ilikuwa nzito, ya duara mbele, haina urembo wowote. Miaka ile kartushi za dukani zilikuwa zimepotea pamoja na sabuni na chumvi, kwa hiyo wawindaji wenye bahati walikuwa wale wenye kalibu nyumbani.

Kalibu ile ilikuwa inafanya kazi tangu sisi hatujazaliwa. Nataka ukumbuke hilo, maana mimi sikulikumbuka.

Pale karakana alikuwepo wakati fulani fundi mmoja mgeni, mtu mkimya aliyependa kuwinda. Siku moja, tukila, alinieleza kwamba kwao kuna risasi zenye shimo puani. Zikiingia kwenye nyama, shimo linafunguka, risasi inapanuka kama ua, na mnyama anaanguka palepale. Alinichorea kwa chaki kwenye meza. Alikwisha kuondoka Zaire zamani wakati haya yalipotokea, lakini ule mchoro ulibaki kichwani mwangu. Nilikuwa najua kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine yeyote Kindu hakukijua. Hiyo ndiyo iliyonipata, mwanangu. Hakuna aliyenituma. Lubamba hakuniomba. Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia anipe kalibu ya baba yake wiki mbili, nitamrudishia kitu cha ajabu.

Akanipa bila kuuliza.

Niliifanyia kazi hapa nyumbani, nyuma ya jiko, kwa jiliwa na tupa na keekee ya mkono. Nilitoboa upande wa pua, nikachomeka pini ya chuma niliyoikereza vizuri, ili madini yakimiminwa yaizunguke, na risasi itoke na shimo. Risasi za kwanza zilitoka zimepinda. Zilizofuata ziling'ang'ania pini hata nikazipasua. Siku ya tisa moja ilianguka safi, ina shimo katikati kama jicho, nikaiweka kiganjani nikamwonyesha mama yako. Mama yako aliiangalia akasema, "Hii njo nini sasa?" Nilikasirika kidogo. Nilitaka mtu ashangae.

Washangaaji niliwapata kijijini. Tulisimamisha shina la mgomba, Lubamba akapiga. Risasi iliingia kama kidole, ikatoka upande wa pili na tundu la kupitisha ngumi. Wanaume waliguna, mmoja akaingiza mkono mle kwenye tundu na kuutoa. Lubamba peke yake aliinama, akatafuta hata akaipata ile risasi kwenye udongo. Ilikuwa imefunguka, bapa kama sarafu. Akaigeuza geuza.

"Salumu," akaniambia polepole, "ile ya zamani ilikuwa inafika mbali ndani. Hii, ikikuta mufupa wa mbogo, itafika?"

Lilikuwa swali la mtu aliyewinda miaka ishirini. Mimi niliwahi kwenda kuwinda mara nne. Na fundi wa chuma mwenye akili timamu angejua jibu palepale, kwa sababu madini yale ni laini, na ukiyatoboa yanakuwa laini zaidi, na mfupa wa bega la mbogo si mgomba. Jibu lilikuwa ndani ya kazi yangu mwenyewe. Lakini watu walikuwa wananitazama.

Nikamwambia, "Weye unajua kulima. Chuma uniachie miye."

Wengine wakacheka. Lubamba akacheka nao kidogo, akaweka ile risasi bapa juu ya jiwe, akasema sawa.

Katika makosa yangu yote, Mwamini, lile neno ndilo linalonirudia mara nyingi. Kutoboa kalibu kulikuwa upumbavu, na upumbavu mtu anaweza kuurekebisha. Lakini mtu aliyenipa maji nikiwa na homa aliniuliza swali zuri, na mimi nikamnyamazisha mbele ya watu wake.

Mwezi uliofuata mbogo wawili waliingia mpunga wa kijiji siku tatu mfululizo, na mmoja akamwangusha mama aliyekwenda kuwafukuza. Kapita, msimamizi wa kijiji, akamwambia Lubamba, mwenye bunduki ni wewe. Nilipata habari nikaomba ruhusa kazini. Nilitaka kuona risasi yangu ikifanya kazi.

Tuliingia porini asubuhi, wawili tu, yeye na bunduki, mimi na panga. Tulimkuta dume mmoja amesimama kwenye maji ya kijito, ubavu wake wote umetugeukia. Lubamba alipiga pale panapopaswa kupigwa. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, niliona vumbi la manyoya likiruka kwenye bega. Mkono wake haukutetemeka. Risasi haikupita kando. Mbogo aliyumba, akaingia vichakani. Tulingoja kama alivyonifundisha, muda mrefu, kisha tukafuata damu.

Ilikuwa damu ya juu juu, kidogo, nyekundu sana. Lubamba alisimama akaitazama, akaniambia, "Haikuingia." Hakusema kwa hasira. Nafikiri alitaka turudi. Na hapo ndipo mbogo alipotoka.

Sitakuandikia yote. Alimchukua pajani na kumtupa, na bunduki ikaruka hadi miguuni kwangu. Mbogo alipita, akageuka. Niliiokota bunduki, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ngozi wa Lubamba uliokuwa umeanguka naye, na yeye akiwa chini, damu inamtoka, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apewe chumvi: "Hapana ule. Mufuko wa shati."

Katika mfuko wa shati lake kulikuwa na kartushi mbili. Niliingiza moja, mbogo alikuwa karibu kama mlango ulivyo karibu nami sasa, nikapiga. Alianguka kwa magoti kisha kwa ubavu, na hakuinuka.

Zile mbili zilikuwa za zamani. Alizisubu kabla hajanipa kalibu, akaziweka. Hakuiamini risasi yangu, na hakutaka kuniaibisha kwa kuniambia, basi akabeba zangu katika mfuko wa ngozi ili nizione, na zake akazificha kifuani. Ndiyo sababu mimi niko hai, ndiyo sababu wewe una baba wa kukuandikia barua. Namshukuru kila siku inayokuja. Na kesho yake tu nilimlipa hivi nitakavyokueleza.

Nilimfunga paja kwa shati langu, nikambeba mgongoni. Unamjua alivyo mkubwa. Nilimbeba kutoka kijito kile hadi barabarani, jua lilipofika katikati ndipo tukatokea. Njiani alikuwa ananizungumzisha mimi, badala ya mimi kumzungumzisha yeye. Lori moja la mfanyabiashara wa kutoka Kivu lilikuwa linakuja Kindu limejaa mpunga. Dereva hakuuliza swali. Aliteremsha magunia sita akayaacha kando ya barabara ili Lubamba alale sawasawa. Hata leo sijui kama aliyakuta aliporudi. Katika sala zangu nina mahali pa dereva huyo, ingawa jina lake silijui.

Hospitali walimshona, na manesi walimgeuza na kumsafisha majuma saba, na mguu ukabaki, ijapokuwa haukunjiki. Wewe ulikuwa umeanza darasa la kwanza. Ulikuwa unafuatana nami kumpelekea uji, na nesi mmoja alikuachia ushike beseni. Uliporudi nyumbani ulimfunga mama yako kitambaa mguuni. Mimi nafikiri shule unayokwenda kesho ilianza siku ile.

Sasa kipande chenyewe.

Siku ya pili nilirudi kijijini kugawa nyama pamoja na watu. Nilipasua bega mimi mwenyewe, kwa makusudi. Risasi yangu ilikuwa pale, imejibandika juu ya mfupa, imefunguka vizuri kama nilivyotaka, haikuingia hata urefu wa kucha. Niliibandua nikaiweka mfukoni. Mtu mmoja akauliza, "Ile ya kwanza ilipiga wapi?" Nikasema, "Ilipita kando." Ni maneno mawili tu. Nilidhani nitayasahihisha baadaye.

Siku ya nne jandarma mmoja, askari wa serikali, alikuja hospitali, ametumwa kuuliza. Nilikuwa nimekaa kitandani miguuni pa Lubamba. Alitaka kujua risasi zilitoka wapi, na kama kuna mtu anayetengeneza vitu vya namna hiyo, maana siku zile kuchezea mambo ya risasi nyumbani kungeweza kukupeleka mahali usirudi. Lubamba alimtazama jandarma, hakunitazama mimi.

"Sitwayeni," akasema, maana siku zile tuliamriwa kuitana hivyo, yaani raia, "risasi njo zile za baba yangu. Miye nilipiga vibaya. Mukono ulitetemeka."

Jandarma aliandika. Walimnyang'anya karatasi ya bunduki, na bunduki ikafuata, kwa sababu mtu asiyejua kupiga hafai kuwa na silaha. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na mdomo. Nilikaa pale kitandani nikatazama beseni.

Tangu hapo kijijini wakamwita Baba Kando. Mtu aliyekuwa mwindaji wao wakamfanya kichekesho, hata vijana wasiojua ncha ya bunduki ni ipi. Ulipokuwa na miaka tisa ulirudi kutoka likizo huko ukaniuliza mezani, "Baba, Baba Kando atakuja lini kututembelea?" Mama yako aliacha kijiko. Mimi nilicheka. Nataka ujue kwamba nilicheka, kwa sababu huenda unakumbuka, na huenda ulidhani hakuna ubaya. Haikuwa kosa lako hata kidogo.

Mama yako alijua. Aliikuta ile risasi bapa akifua suruali yangu. Nilimwambia anyamaze, na alinyamaza kwa watu, lakini kwangu hakunyamaza kabisa. Kila mwaka, mara moja au mbili, wakati hatuna ugomvi wowote, aliniuliza, "Ulisha kwenda kwa Lubamba?" Nikasema nimekwenda, nimempelekea sukari. Akasema, "Sikuulizi sukari." Namshukuru yeye pia. Angeweza kuchoka.

Barua ya shule ya unesi ilipofika, na wewe ukaruka ruka hapa uani, mama yako alinikalisha. Alisema, "Mutoto anaenda. Habari hii ataisikia siku moja kwa mwingine, halafu atajiuliza ni vitu gani vingine ulimudanganya."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kailo, kisha kijijini. Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watu wote walikuwa wametoka kufyeka njia na walikuwa wamekaa wanapumzika, na Lubamba katikati yao na gongo lake, kwa maana anafyeka akiwa amekaa. Nilikuwa nimepanga nimwite pembeni. Kisha nikaona kwamba lile neno la mgomba nililisema mbele ya watu, na lile la kando nililisema mbele ya watu. Nikasimama. Niliwaambia yote: pini, bega, mfupa, mfuko wa shati, hospitali. Sauti yangu ilikuwa ya ajabu masikioni mwangu, kama ya mtu anayesoma tangazo. Nilipomaliza mzee mmoja aliondoka akaenda zake. Sijui kama alinikasirikia au alijionea haya mwenyewe.

Lubamba alisema, "Nilikuwa najua."

Nikamwuliza alijuaje.

"Nilimutuma mudogo wangu aangalie bega. Alikuona unaweka kitu mufukoni."

"Juu ya nini hukusema?"

Alikuna goti lile lisilokunjika. "Ulinibeba," akasema. "Muntu aliyenibeba vile, nitamutupa kwa jandarma? Hapana." Nikadhani amemaliza, nikaanza kumshukuru. Akainua mkono. "Lakini nilikuwa nangoja, Salumu. Usifikiri sikungoja. Kila ukikuja na sukari, nilikuwa nangoja."

Miaka kumi na moja. Nilikaa chini karibu naye na tukakaa hivyo hata watu wakatawanyika. Kabla sijaondoka kijana mmoja alipita akamsalimu, "Jambo, Baba Lubamba." Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Lubamba aliitikia bila kugeuka, lakini niliuona uso wake.

Juma lililopita nilimpelekea kalibu mpya. Nimeikereza kwa kufuata risasi ya pili ya zamani, ile ambayo hatukuipiga, aliyokuwa ameihifadhi. Mdogo wake sasa ana karatasi ya bunduki. Lubamba aliifungua, akaingiza kidole kidogo upande wa pua, akaniangalia. "Haina shimo?" Nikasema haina. "Una uhakika? Huna dawa nyingine?" Na akacheka, na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu mgomba ule tukicheka kitu kimoja.

Mwanangu, wewe utashika sindano na dawa. Utakuwa na mikono mizuri, nimeiona. Siku moja utajua kitu ambacho wengine katika chumba hicho hawakijui, na mama wa shamba mwenye mtoto mgonjwa atakuuliza swali polepole. Sina la kukuamuru. Nakueleza tu lililonipata mimi nilipoulizwa.

Na ukikosea, maana utakosea, nakuombea uwe na mtu kama wale niliopewa mimi: aliyeficha kartushi mbili kifuani, aliyeteremsha magunia, aliyeniuliza swali moja miaka kumi na moja. Sikuwastahili. Nilipewa tu.

Nilitaka kuishia hapo. Nilipanga barua hii niiweke chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge, uikute ukiwa umekwisha kufika Kisangani. Lakini sasa hivi Lubamba ameingia uani. Amekuja kwa baiskeli, amepakiwa nyuma, mguu umenyooka mbele kama mti, amekuletea kuku wa kukuaga. Mama yako amempa kiti. Ameniona na daftari akauliza naandika nini. Nimemwambia.

"Uliandika yote?"

"Yote."

"Utamupa lini?"

Nikamweleza habari ya sanduku. Alitikisa kichwa. "Ile haiko muzuri," akasema. "Asome leo. Kama iko na swali, aniulize miye nikiwa hapa."

Kwa hiyo naikunja sasa, na naja kukupa mkononi. Tuko hapa kibarazani, wawili, tunakungoja.

Baba yako,
Salumu